Lushoto, Amani au Uluguru: milima ipi kwa siku zako tatu?

Mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anayetafuta ubaridi, msitu na njia ya kutembea kwa miguu hukwama kwenye majina matatu: Lushoto ya Usambara Magharibi, Amani ya Usambara Mashariki, na Uluguru inayoinuka nyuma ya mji wa Morogoro. Zote ni za Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita, Kenya, na kushuka kusini mwa Tanzania. Kwenye picha huwezi kuzitofautisha: ukungu, kijani kibichi, bonde. Ukifika ndipo unagundua ni safari tatu zisizofanana.

Swali linalozitenganisha ni hili: njia unayoikanyaga ni ya nani? Lushoto unapita katikati ya mashamba na nyua za watu. Amani unaingia hifadhi yenye geti, ofisi na njia zilizopewa majina. Uluguru njia inaanzia mtaani, inapanda mashamba, halafu inaingia hifadhi ukiwa tayari umechoka. Kwenye jibu hilo hutegemea kibali, mwongozaji, chakula, choo na hata kiatu utakachovaa.

Tulivyolinganisha

Kila sehemu tumeipima kwa mambo yaleyale: kufika, njia na vibali, kulala, kula na huduma, hali ya hewa, na nani panamfaa. Tumechukulia una siku mbili au tatu, unatoka Pwani, na huna gari maalumu la milimani. Bei za vyumba na viingilio hatukuziweka kwa sababu hubadilika. Kinachodumu ni utaratibu wa kuzilipa.

## Lushoto (Usambara Magharibi)

Kufika. Kuna mabasi ya moja kwa moja kutoka Dar, saa saba hadi tisa njiani. Ukikosa, panda basi lolote la Moshi au Arusha ushuke Mombo, mji ulio chini kabisa ya mlima, kisha chukua Noah au kosta kwa kilomita 33 za lami kupitia Soni. Jitahidi uwe Mombo kabla ya saa 11 jioni. Giza likiingia magari hupungua, na barabara yenyewe si ya kupandwa usiku na dereva mgeni: ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo la mto. Masika mawe na udongo huporomoka juu ya lami.

Kama unaendesha mwenyewe, kupanda si tatizo kubwa. Kazi iko kwenye kushuka. Shuka kwa gia uliyopandia, ya pili au ya tatu. Gari la otomatiki liweke kwenye gia ya chini. Anayeshuka kilomita zote hizo kwa kukanyaga breki tu huanza kunusa harufu ya kuungua kabla hajaiona Mombo. Ukiinusa, tafuta pahala papana, simama nusu saa breki zipoe zenyewe, wala usizimwagie maji, kwa maana chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka au kupinda. Honi kwenye kona ni lazima, hata kama unaona huna mtu mbele. Watoto wakae mbele na wasile kitu kizito Mombo, kwa sababu zile kona hutapisha.

Njia na vibali. Hapa ndipo Lushoto inapowashinda wenzake kwa urahisi. Matembezi yanayojulikana kuliko yote ni ya Irente: kilomita tano hadi sita kutoka mjini, saa moja na nusu kwa mwendo wa kawaida, kupitia vijijini hadi ukingo wa mwamba. Hapo ardhi inakatika, na karibu mita 1,000 chini yako unaiona Mazinde, mashamba ya mkonge na nyika inayopotea kwenye vumbi. Ukingo hauna ukuta wa kuaminika. Mtoto ashikwe mkono, na piga picha ukiwa umekaa.

Kibali unakihitaji ukitaka kuingia Msitu wa Magamba, hifadhi ya mazingira asilia iliyo kaskazini mwa mji, chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Kule mashamba yanakoma ghafla, miti inafunga juu, na mbega wanaruka juu ya kichwa chako. Nusu siku inatosha.

Mwenye siku nne au tano anaweza kutembea kijiji kwa kijiji kutoka Lushoto kupitia Lukozi na Rangwi hadi Mtae, kijiji kilichokaa kwenye pua ya mlima kikitazama Mkomazi. Safari hii usiifanye bila mwongozaji. Hakuna wanyama wa kuogopa njiani, lakini vijia ni mamia, vinachipuka kila penye shamba jipya, na ramani ya simu haivijui. Mtae pia kunafikika kwa basi, zaidi ya kilomita 60 za vumbi kutoka Lushoto, ila fahamu ratiba yake: kwa kawaida basi hupanda mchana na kurudi alfajiri kabla hakujapambazuka. Ukipanda Jumamosi ukidhani utarudi Jumapili mchana, utalala siku ya pili bila kupenda.

Ukishuka stendi utafuatwa na vijana wanaojitambulisha kuwa waongozaji. Wapo wazuri mno, na wapo wasio na kitambulisho. Nenda ofisi za vyama vya waongozaji karibu na stendi, uulize mambo manne kabla ya kutoa pesa: bei ni ya kila mtu au ya kundi, kibali kimo au hakimo, chakula kimo au hakimo, mchango wa kijiji umo au haumo. Andikiana risiti.

Mashambani mtembee mmoja nyuma ya mwingine. Wakulima wa huku wamekata matuta kushikilia udongo usishuke bondeni, na kingo za matuta hayo hubomoka zikikanyagwa na watu watano waliotandazana. Mvua ikija, maji hupita palepale palipobomoka na kuondoka na karoti za mtu.

Kulala, kula na huduma. Kuna kila ngazi: gesti za mjini, hosteli za makanisa, hoteli za zamani zenye mahali pa kuota moto, na loji za kwenye ukingo, Irente na kijiji cha Mambo karibu na Mtae. Benki zipo, mawakala wa simu wapo kila kona. Soko lina siku zake kubwa mbili, Jumapili na Alhamisi, na hapo ndipo pa kununua kabichi, viazi, pea na plamu kwa bei ya shamba. Shamba la Irente, lililo njiani kuelekea ukingoni, linauza jibini, mkate na jamu. Masista wa Ubiri nao wana jamu na jibini yao. Ukitaka chakula cha mchana shambani Irente, agiza mapema.

Hali ya hewa. Mji uko kwenye mita 1,400 hivi. Juni hadi Agosti usiku unataka sweta nzito na blanketi la pili, na wenyeji hawatanii wanaposema hivyo. Ukungu wa asubuhi unaweza kuifunika Irente mpaka saa nne au tano. Ukiwa na siku moja tu, ielekee Irente alasiri, jua linapoangukia upande wa nyika.

Panamfaa nani. Familia zenye watoto na wazee, kwa sababu gari linakaribia kabisa ukingo wa Irente. Wanaotembea kwa mara ya kwanza. Wanaopenda watu, soko na mashamba kuliko ukimya wa msitu. Hapamfai anayetaka pori tupu: huku milima imelimwa, na msitu uliobaki ni wa kutembelewa kwa nusu siku.

## Amani (Usambara Mashariki)

Kufika. Kutoka Dar ukifika Segera, magari ya Arusha yanashika kushoto, wewe unashika kulia kuelekea Tanga na kushuka Muheza. Kutoka Muheza hadi Amani ni kilomita 35 hivi za barabara ya udongo. Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika. Basi la kupanda ni la mchana na ni moja au mawili kwa siku. Ukiwahi Muheza kabla ya saa sita unakuwa salama, ukifika saa kumi jitayarishe kulala mjini au kuchukua bodaboda.

Bodaboda inafika, lakini sehemu ya juu, kutoka Sigi hadi Amani, ni kona juu ya kona kwenye udongo mwekundu. Ukilowa, udongo ule huteleza kama sabuni. Mwambie dereva mapema kwamba kwenye miteremko mikali utashuka utembee, na mzigo wako uwe mgongoni, usifungwe nyuma ukaivuta pikipiki. Gari dogo hupita kiangazi kwa dereva mvumilivu. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, lazima liwe la kuvuta magurudumu manne.

Njia na vibali. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa 1997 na ina hekta 8,380. Geti liko Sigi, kwenye mita 450 hivi, na kituo cha taarifa kimewekwa ndani ya nyumba ya stesheni ya reli ya Wajerumani. Kiingilio kinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ambayo inataka mtandao na salio kwenye simu. Omba namba hiyo na uilipe ukiwa bado mahali penye mtandao mzuri, maana kusimama getini ukizungusha simu hewani kunakula asubuhi nzima. Beba kitambulisho cha taifa: viwango vya raia na vya mgeni havifanani hata kidogo.

Ukishalipa, kuifuata njia ni rahisi kuliko Lushoto. Njia zina majina na mwelekeo: Mbomole inapanda kilima chenye mandhari ya chai na msitu, Kwamkoro inaingia msitu mzito, Derema na Konkoro ni za wanaotaka muda mrefu zaidi. Chukua mwongozaji wa hifadhi hata kama njia unaiona. Bila yeye utapita kando ya mti wa msambu bila kujua kwamba mbegu zake hukamuliwa mafuta, na utaruka kijito bila kuona maua madogo ya zambarau yaliyojibandika kwenye jiwe lenye kivuli. Maua hayo, Saintpaulia, leo yamo kwenye vyungu vya madirishani dunia nzima. Yalichukuliwa kutoka milima hii 1892 na ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, yakapewa jina lake. Hayachumwi.

Bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani 1902 imezunguka kijiji cha Amani: miti ya viungo, mitende, miti ya mbao kutoka mabara mengine, mingi sasa mikubwa kuliko nyumba. Haina uzio wala kibao kila mti, hivyo ukitembea peke yako utadhani ni msitu wa kawaida.

Jambo moja usilikose: matembezi ya usiku. Kinyonga akilala huwa amepauka, na ukipitisha tochi polepole kwenye vijiti vya pembeni mwa njia, kwenye usawa wa kifua, anang'aa kama karatasi iliyosahaulika mtini. Mchana ungepita naye kumi usimwone hata mmoja. Ishike tochi karibu na jicho lako, si kiunoni, ili mwanga unaorudi uupate. Usimshike kinyonga wala usimmulike kwa muda mrefu.

Kulala, kula na huduma. Machaguo ni machache: nyumba za wageni za hifadhi Sigi na Amani, na vyumba vichache kijijini. Piga simu kabla, maana makundi ya wanafunzi na watafiti huweza kujaza zote kwa wiki nzima. Chakula hupikwa kwa oda. Ukifika bila kuagiza utasubiri wali hadi usiku. Hakuna benki, kwa hiyo toa pesa Muheza. Nunua na machungwa palepale Muheza, hutayapata mazuri zaidi.

Hali ya hewa. Mvua inaweza kunyesha mwezi wowote, si masika na vuli tu. Koti la mvua ni la lazima hata Februari, na simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki. Muheza na Sigi ni ukanda wenye malaria nyingi: lala ndani ya neti hata ukiona mbu hawapo, na ukipata homa baada ya kurudi, hata kama wiki kadhaa zimepita, pima. Msituni ingiza suruali ndani ya soksi. Siafu hawaumi mara moja; hupanda kimya hadi mapajani ndipo wanaanza wote pamoja.

Panamfaa nani. Wapenda ndege, vyura, mimea na ukimya. Walimu wa baiolojia wenye kundi la wanafunzi. Watu wa Tanga na Mombasa, ambao kwao ndiyo karibu kuliko zote tatu. Kwa mtu wa Dar mwenye usiku mmoja tu, barabara inakula safari yote.

## Uluguru (Morogoro)

Kufika. Hakuna mlima mwingine ulio rahisi hivi kwa mtu wa Dar. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya SGR inafika Morogoro kwa saa mbili hivi. Kata tiketi mapema kwa ajili ya wikiendi na uwe na kitambulisho. Kituo kiko nje ya katikati ya mji, upande wa Kihonda, kwa hiyo weka akiba ya nusu saa na nauli ya bajaji, hasa siku ya kurudi.

Njia na vibali. Mji uko kwenye mita 500 hivi. Morningside, nyumba ya enzi za Wajerumani iliyo juu ya mashamba, iko kwenye mita 1,300. Hizo ni mita 800 za kupanda, karibu zote bila tambarare ya kupumzikia. Mtu mwenye pumzi ya wastani hutumia saa mbili na nusu hadi tatu. Utapishana na kina mama wanaoshusha mboga na matunda sokoni, kichwani, kwenye mteremko ule ule unaokutoa jasho. Wapishe wewe: simama upande wa mlimani, kwani mwenye mzigo hawezi kusimama na kuanza tena kirahisi.

Juu ya Morningside inaanza Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa 2008. Ukitaka kilele cha Bondwa, mita 2,120, penye minara ya mawasiliano, au Lupanga, mita 2,138, kibali unakichukua ofisi ya TFS mjini kabla hujapanda. Ofisi hufungwa wikiendi mara nyingi, kwa hiyo maliza suala hilo Ijumaa, wewe mwenyewe au kupitia mwongozaji wako.

Bondwa ondoka saa 12 asubuhi, na jiwekee sharti: saa 7 mchana ikikukuta hujafika kileleni, geuza. Kinachowaangusha watu huku ni kushuka, kuliko kupanda. Kutoka Bondwa hadi mjini ni mita 1,600 za kuteremka, na magoti huanza kutetemeka robo ya mwisho, palepale njia inapokuwa ya changarawe inayobiringika. Usiku uliotangulia kata kucha, na uwe na fimbo, ya kukata kwa ruhusa au ya kununua mjini. Kabla ya kugeuka, kaza kamba za kiatu kwenye kifundo cha mguu ili kidole gumba kisigonge pua ya kiatu. Raba zenye soli iliyolika ziache hotelini. Maji lita tatu kwa mtu kwa Bondwa, mbili kwa Morningside.

Lupanga ni mwinuko mkali zaidi, wa matope na mizizi ya kushika kwa mikono. Si pa kuanzia.

Asiyetaka kupanda ana chaguo la kwenda na gari: Mgeta upande wa magharibi kwa mboga na mabonde, au Kinole upande wa mashariki kwa viungo, ndizi na nanasi. Zote mbili ni barabara za mlimani, siku nzima kwenda na kurudi.

Kulala, kula na huduma. Unalala mjini, kwa hiyo kila kitu kipo: hospitali, benki, hoteli za kila bei. Ukishaanza kupanda hakuna duka la uhakika wala choo. Ukibanwa, toka mbali na kijito hatua 50 na uchimbe shimo la sentimita 15. Mito ya Uluguru hulisha Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo bomba la Dar es Salaam. Unachokiacha kando ya kijito kinashuka kwenda kwa watu.

Hali ya hewa. Chini joto, juu baridi na upepo. Mawingu hukaa kileleni kuanzia saa tano, sababu nyingine ya kuamka mapema.

Panamfaa nani. Wenye siku moja au mbili, wenye miguu ya mazoezi, na wasiotaka gari. Hapawafai wazee na watoto wadogo, isipokuwa kwa safari ya gari ya Mgeta au Kinole.

## Chagua kwa hali yako

Una Jumamosi na Jumapili tu, unatoka Dar: Uluguru, kwa treni, Morningside. Bondwa iwe kwa aliyekwisha kuchukua kibali.

Unasafiri na mama, baba na wajukuu: Lushoto, siku tatu, gari hadi Irente, soko la Jumapili kabla ya kuondoka.

Una siku tano na kundi la marafiki wanaotembea: Lushoto hadi Mtae kwa miguu.

Una wanafunzi: Amani, ila weka nafasi za kulala mapema na panga usafiri wako mwenyewe kutoka Muheza.

Pesa ni kidogo: nauli na kitanda ni nafuu Morogoro, kwani hulali mlimani, Lushoto inafuata, na njia za vijijini hazina kiingilio cha hifadhi.

Ni Aprili, mvua haikatiki: acha Amani kama huna gari la kuvuta magurudumu manne, acha Bondwa na Lupanga. Lushoto bado inafikika kwa lami, lakini uliza Mombo hali ya barabara kabla hujaanza kupanda, na kama wamesema kuna udongo umeshuka, lala Mombo au Korogwe usubiri barabara isafishwe.